Hukumu za Mahakama na Mfuko wa Mwananchi

(Hii ni hotuba iliyosomwa na wakili mmoja wa Nakuru mbele ya wafanyabiashara, wakulima na wapenda mageuzi. Tumeichapa kama alivyoisoma, ila tumeacha nje salamu za mwanzo na maswali yaliyofuata.)



Mliponialika mlinitaka nieleze hukumu za mahakama na sheria mpya ambazo katika miaka ya karibuni zimeugusa mfuko wa mfanyabiashara na uhuru wa raia wa kawaida. Nilikubali upesi, na baadaye nikajuta, kwa maana mambo yenyewe ni mengi na sheria nyingine zimebadilishwa mara mbili kabla ya wino kukauka. Kwa hiyo sitawasomea orodha. Nimechagua machache ambayo naona yana uzito kwa watu wa bonde hili letu, na ninaomba radhi kwa yule atakayerudi nyumbani bila kusikia habari ya leseni yake.

Kwanza mniruhusu nirudi nyuma, kwa sababu asiyejua tulikotoka atadhani kwamba haya tuliyo nayo yaliota yenyewe kama uyoga.

Vijana wa siku hizi wanazungumza juu ya kuishtaki serikali kana kwamba ni jambo jepesi kama kwenda posta. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kutaka kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Jaji Norbury Dugdale aliitupa kesi hiyo. Hakujishughulisha na swali la kama ni halali kuchukua bustani ya umma. Alisema tu kwamba Profesa hakuwa na haki ya kusimama mbele ya mahakama juu ya jambo hilo, kwani hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi kuliko watu wengine. Jengo lile halikujengwa mwishowe, lakini waliolizuia walikuwa ni wananchi wenye kelele na wakopeshaji wenye haya, mahakama haikuwamo.

Mwaka uo huo, katika kesi ya Maina Mbacha, jaji huyo huyo aliamua kwamba kifungu cha 84 cha Katiba ya wakati ule hakiwezi kutumika. Kifungu hicho ndicho kilichomruhusu raia kulalamika haki zake za kimsingi zinapovunjwa. Na kwa nini hakikuweza kutumika? Kwa sababu Jaji Mkuu alikuwa hajatunga kanuni za utaratibu wake. Ebu fikirini. Haki zote zilikuwa zimeandikwa, na mlango wa kuziendea ulikuwa umechorwa ukutani kwa chaki.

Wala tusiwalaumu majaji peke yao. Mwaka wa 1988 Bunge la chama kimoja lilikuwa limeibadilisha Katiba likaondoa ulinzi wa kazi za majaji, na ulinzi huo ukarudishwa mwaka wa 1990 tu baada ya makelele ndani na nje ya nchi. Jaji anayejua kwamba anaweza kufutwa jioni huandika hukumu yake asubuhi akiangalia dirishani.

Hapa kwetu Nakuru tuliyaona kwa macho. Kesi ya Koigi wa Wamwere na wenzake, walioshtakiwa juu ya kituo cha polisi cha Bahati, ilisikizwa mjini humu, na mnamo Oktoba 1995 wakahukumiwa kifungo cha miaka minne na viboko. Mimi nilikuwa mwanafunzi bado. Nakumbuka watu wazima wakinong'ona walipopita karibu na jengo la mahakama, kama mtu anavyopita karibu na nyumba yenye msiba. Na hata baada ya kifungu cha 2A kufutwa mnamo Desemba 1991 na vyama vingi kurudi, milango ya mahakama ilibaki na makomeo. Baada ya uchaguzi wa 1992 malalamiko ya Kenneth Matiba yalitupwa kwa sababu aliyeyatia sahihi alikuwa mkewe na si yeye mwenyewe, ingawa kila mtu alijua kwamba Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini na mkono wake haukuwa na nguvu ya kuandika. Baada ya uchaguzi wa 1997 malalamiko ya Mwai Kibaki yalitupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa karatasi za kesi mkononi. Atakayempa Rais karatasi mkononi atapitia wapi, katikati ya walinzi wale wote? Hilo mahakama haikulieleza.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wetu wa siku zile ulikuwa na meno upande mmoja.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliandikwa na watu walioyakumbuka. Someni kifungu cha 22 na cha 258. Kinasema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kwa niaba yake, kwa niaba ya asiyeweza, au kwa manufaa ya umma. Huko ni kumjibu aliyemfukuza Wangari Maathai. Kisha kifungu hicho hicho cha 22 kinaendelea kusema kwamba kukosekana kwa kanuni za utaratibu hakutapunguza haki ya mtu kusikizwa. Wasomaji wengi hulipita neno hili bila kulitazama. Mimi kila nikilisoma naiona hukumu ya 1989 imezikwa hapo, na kaburi halina maua.

Sasa tuje kwenye matunda yake.

Tunda la kwanza lilichumwa hapa hapa. Tarehe 18 Machi 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru, mbele ya Jaji Samwel Mohochi, iliamua kwamba kifungu cha 77 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachohusu vitendo na maneno ya kuipindua serikali, kinapingana na Katiba. Kesi ililetwa na taasisi ya Katiba Institute pamoja na mashirika mengine, baada ya kijana mmoja kushtakiwa kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni mwaka wa 2023. Adhabu ya kosa hilo ilifika miaka saba. Mahakama iliona kwamba maneno ya kifungu hicho ni mapana mno, hayana mipaka, na mtu hawezi kujua ni lini amevuka kutoka kulalamika hadi kuhalifu.

Wengine wataniuliza, wakili, hili linamhusu nini muuza viazi? Linamhusu sana. Mnamo 1997, wabunge wa pande zote walipokaa katika mazungumzo yaliyoitwa IPPG, walifuta kosa la uchochezi, wakaifuta sheria ya wazururaji, wakaondoa kuwekwa kizuizini bila kesi, wakampunguzia chifu nguvu zake, na mikutano ya hadhara ikawa ya kutolewa taarifa badala ya kuombewa leseni. Hayo yote ni mema, na walioyapigania hawakutendewa haki walipoambiwa wameuza mageuzi. Lakini kifungu cha 77 walikiacha kimelala. Kililala miaka mingi, na siku serikali ilipokihitaji kiliamshwa. Mfanyabiashara anayeandika kwenye simu yake kwamba ushuru wa soko unaliwa na wakubwa anahitaji kujua kama neno hilo ni maoni au ni kosa la jinai. Biashara haisitawi mahali ambapo watu wanahesabu fedha kwa sauti na wanataja wezi kwa kunong'ona.

Na mchezo haujaisha. Mnamo Oktoba 2025 Rais alitia sahihi mabadiliko ya sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao, na kabla ya wiki mbili kupita Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vyake. Maneno ni mapya lakini harufu ni ile ile.

Sasa kodi. Hapa nitakaa kidogo, maana naona nyuso zimebadilika.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya VAT kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaweka tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na ikapandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa wale wanaouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Hili la mwisho halikupigiwa kelele sana barabarani, na ndilo lililowauma wengi wenu. Tuchukue duka dogo la vifaa vya ujenzi linalouza shilingi 10,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hayo ni mauzo ya shilingi milioni 3. Zamani alilipa shilingi 30,000. Chini ya sheria hiyo analipa 90,000. Kama faida yake ni senti kumi kwa kila shilingi, basi faida ya mwaka mzima ni shilingi 300,000, na karibu theluthi moja imekwenda kabla hajalipa kodi ya nyumba ya duka. Na kodi hii haiulizi kama ulipata faida. Ukiuza kwa hasara utalipa vile vile.

Bwana Okiya Omtatah, ambaye wakati huo alikuwa Seneta wa Busia, na wengine wengi walikwenda mahakamani. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Majanja, Meoli na Mugambi, waliamua kwamba tozo ya nyumba inavunja Katiba. Sababu zao mbili kubwa zilikuwa kwamba tozo haikuwa na msingi kamili wa sheria, na kwamba ilibagua, kwa vile ilimkata mwenye mshahara ikamwacha asiye na mshahara. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuirudisha huku rufaa ikisubiri. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia pia.

Lakini tazameni kilichofuata. Tarehe 19 Machi 2024 Rais alitia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Mahakama ilikuwa imesema ni ubaguzi kumkata mmoja na kumwacha mwingine. Bunge lilijibu kwa kuwakata wote wawili. Mwenye mshahara alirudishiwa mzigo wake, na mama wa kibanda, ambaye sheria ya kwanza haikumtaja, sasa akaandikwa ndani kwa asilimia ile ile ya mapato yake. Na tarehe 22 Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaikubali sheria hiyo. Kuhusu fedha zilizokatwa tangu Julai 2023 chini ya sheria iliyoonekana batili, mimi sijamwona mteja wangu hata mmoja aliyerudishiwa shilingi.

Sisemi kwamba ilikuwa makosa kwenda mahakamani. Nasema tu kwamba tulikwenda na hoja moja iliyokuwa na kamba mbili, na serikali ikashika kamba ile ambayo sisi tuliiacha inaning'inia. Mawakili wenzangu hawapendi kusikia hivyo.

Kisha likaja tufani lenyewe. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutoza VAT kwa mkate, kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na mengine mengi. Sina haja ya kuwasimulia Juni ya mwaka ule. Kenyatta Avenue ilijaa watoto wetu, na wengi wenu mlifunga maduka, wengine kwa kuunga mkono na wengine kwa kuogopa mawe. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha, waandamanaji wakaingia bungeni, risasi zikalia. Siku ya pili yake Rais alikataa kuutia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wapatao 60 waliopoteza maisha katika maandamano ya kipindi kile. Mswada uliokufa ulikuwa na bei hiyo.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023 yote nzima. Ilisema, pamoja na mengine, kwamba Bunge likikusanya maoni ya wananchi linapaswa kueleza kwa nini limeyakubali au limeyakataa, na kwamba vifungu vilivyochomekwa baada ya wananchi kutoa maoni havikuwa halali. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa moja ya hukumu bora kabisa juu ya kodi katika nchi hii. Ilidumu siku 20. Tarehe 20 Agosti Mahakama ya Juu iliisimamisha, na tarehe 29 Oktoba 2024 ikaitengua. Ilisema kwamba ushirikishaji wa umma ulikuwa wa kutosha, na kwamba Katiba haijaliwekea Bunge wajibu wa wazi wa kutoa sababu.

Mimi ni ofisa wa mahakama na nitaheshimu hukumu hiyo. Lakini sikatazwi kuikosoa kwa adabu. Kama mtu anaweza kuniita, akanisikiliza, akaandika jina langu na nambari ya kitambulisho, kisha asiwajibike kunijibu hata kwa neno moja, basi alichonishirikisha ni kiti na chai. Watu wa Nakuru wanajua mikutano ya aina hiyo. Tarishi anapita na karatasi ya mahudhurio, watu wanatia sahihi, na karatasi ile ndiyo inayopelekwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba mlikubali.

Na msidhani kwamba mswada uliokufa ulizikwa. Tarehe 11 Desemba 2024, watu wakiwa katika maandalizi ya Krismasi, Rais alitia sahihi sheria za kodi na sheria za biashara zilizorudisha baadhi ya mambo yaliyokuwamo katika mswada ule, zikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huo. Si yote yaliyorudi ni mabaya, na tuseme kweli. Mkulima ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka aliondolewa mzigo wa kutoa ankara ya elektroniki, na mnunuzi akaruhusiwa kuitoa badala yake. Kwa mkulima wa viazi wa Molo au Mau Narok hilo ni nafuu ya kweli, kwa sababu wenye viwanda walikuwa wameanza kukataa mali yake kwa kukosa karatasi. Lakini nafuu iliyoletwa kwa mlango wa nyuma inakufundisha kuzoea mlango wa nyuma.

Mwaka wa 2025 tulipata dalili njema. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kuondoa kinga iliyowazuia watoza kodi kudai siri za biashara na habari za binafsi za wateja. Wananchi walipinga kwa maandishi, kamati ya Bunge ikakubali, na kifungu hicho kikaachwa nje. Hakuna aliyepigwa risasi na hakuna kesi iliyofunguliwa. Nitalirudia hili nitakapomaliza.

Juu ya bima mpya ya afya nitapita haraka. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria tatu za afya zinavunja Katiba; Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo; Oktoba mosi makato ya asilimia 2.75 yakaanza. Mwajiri mdogo aliyeajiri watu wanne alilazimika kubadilisha hesabu zake mara ngapi katika miezi hiyo mitatu? Haki inayogeuka kila mwezi humchosha mnyonge kuliko inavyomchosha tajiri, kwa maana tajiri ana mhasibu.

Juu ya benki, kuna habari ambayo wengi hamjaisikia. Mnamo Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyohusu benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinahusu riba pia, na kwa hiyo benki haiwezi kupandisha kiwango cha riba bila idhini ya Waziri wa Fedha. Mwenye mkopo ambaye riba yake ilipanda kwa barua ya mistari mitatu, na aitafute barua hiyo. Sisemi kwamba atashinda. Nasema aitafute.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako hapa Bonde la Ufa ndiko watu wanakomwaga damu, na ndiko ofisi yangu inakopata kazi nyingi kuliko ninavyopenda.

Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, kando ya bahari. Kiligawiwa kwanza mwaka wa 1989, na aliyegawiwa alikuwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kikauzwa kwa kampuni moja, na baadaye mwaka wa 2006 kikauzwa kwa Dina. Mnamo 2017 kaunti ilivunja ukuta, ikisema kwamba hapo palikuwa na njia ya umma ya kwenda pwani. Kampuni ilileta hati yake, ikasema, sisi tulinunua kwa nia njema, tulichungua rejista, tulilipa. Mahakama ilisema hati ni mwisho wa safari tu. Ikiwa mgao wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyozaliwa na mgao huo haina uhai, na anayenunua hatakingwa na nia njema yake. Katiba yenyewe, kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Miezi michache baadaye, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo hiyo ikasema barua ya ugawaji si hati, na mtu hawezi kuuza kile ambacho barua hiyo haijampa.

Kwa wapenda mageuzi hii ni hukumu ya kushangilia. Viwanja vya shule, vya hospitali, njia za umma na misitu vilivyogawanywa kama njugu katika miaka ya 1990 sasa vinaweza kudaiwa, hata kama vimepita mikono mitano. Tume ya Ndung'u ilikwisha kuyaandika mengi ya hayo katika ripoti yake ya 2004.

Lakini ni nani anayeishi juu ya viwanja hivyo leo? Aliyegawiwa mwaka wa 1994 kwa sababu alimjua mkubwa aliuza mwaka wa 1996, akala fedha yake, na pengine amekwisha kufa. Aliyebaki na hati ni mwalimu mstaafu aliyenunua kwa fedha za uzeeni mwaka wa 2011. Ninaye mteja wa namna hiyo, na jina lake sitalitaja. Alichungua rejista mara mbili na kila mara ofisi ya ardhi ikampa karatasi yenye muhuri ikisema mwenye kiwanja ni yule anayemuuzia. Alijenga nyumba ya vyumba vinne. Siku alipoletewa ilani kwamba kiwanja kilitengwa kwa ajili ya soko, alikuja ofisini kwangu na bahasha ya karatasi zote, zimepangwa kwa tarehe kama alivyozoea kupanga madaftari ya watoto, akaniuliza, "Mwanangu, ni karatasi gani nilisahau?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hakusahau karatasi yoyote. Sheria ndiyo iliyosogea, na ilisogea upande wa haki, na ikamkanyaga yeye.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu katika harakati hizi wanaotaka kila hati ya miaka ile ichomwe kesho asubuhi. Serikali iliyotia muhuri kwenye karatasi ya uchunguzi inapaswa kubeba sehemu ya hasara. Yule aliyepewa kwanza, au mali aliyoiacha, atafutwe. Bunge linaweza kutunga sheria ya fidia kwa mnunuzi aliyefanya yote yaliyotakiwa, na hili ndilo dai ambalo harakati zetu zingelipeleka mbele badala ya kungoja mahakama ilimalize jambo ambalo mahakama haina fedha ya kulimalizia. Tukumbuke pia tunaishi wapi. Katika Molo, Olenguruone na Njoro watu walichomewa nyumba mwaka wa 1992, wengine tena mwaka wa 1998, na wengine tena mwaka wa 2008, na kila mara waliochoma waliambiwa kwamba hati za jirani si hati. Hukumu nzuri ya Nyali ikitafsiriwa vibaya na mwanasiasa juu ya gari mwaka wa uchaguzi, inaweza kuwa kiberiti. Mahakama imesema hati mbovu ifutwe na mahakama, kwa ushahidi, baada ya mwenyewe kusikizwa. Haikusema ifutwe na kijana mwenye panga.

Kwa yule ambaye hajanunua bado, nampa ushauri bila malipo. Kuchungua rejista peke yake hakutoshi tena. Omba faili la mgao wa kwanza, ramani ya upimaji, na maelezo ya mpango wa mji. Kama ni shamba lililokatwa kutoka kampuni ya kununua ardhi, ulizia daftari la wanachama na namna walivyopiga kura ya viwanja. Waulize wazee wa hapo kiwanja hicho kilikuwa nini walipokuwa watoto. Wakicheka, ondoka.

Ndugu zangu, nilisema nitarudi kwenye kile kifungu cha siri za biashara kilichoachwa nje mwaka wa 2025. Kimeachwa kwa sababu watu waliandika. Mahakama ya Juu imekwisha kutuambia kwamba Bunge halilazimiki kutujibu. Haijatuambia kwamba hatuwezi kuweka kumbukumbu ya tulichosema. Waraka wa maoni wenye tarehe, wenye muhuri wa kupokelewa na karani wa Bunge au wa Bunge la Kaunti, ni ushahidi. Maneno uliyoyasema kwa hasira katika ukumbi si ushahidi, hata kama ulipigiwa makofi. Kaunti yetu nayo hutunga Sheria ya Fedha yake kila mwaka, na humo ndimo mnamowekewa ada za leseni, za soko na za kuegesha magari. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021 na ada zikapata sababu mpya ya kupanda. Katika kesi za ada za kaunti nilizozishughulikia, swali la kwanza la jaji limekuwa ni kama mlalamishi alitoa maoni mswada ulipotangazwa, na mara nyingi jibu limekuwa ni kimya.

Nimeandaa mfano wa waraka huo kwa Kiswahili, kurasa mbili, una nafasi ya jina, biashara, kifungu kinachopingwa na hesabu ya hasara. Nakala ziko mezani kwa katibu karibu na mlango. Kila mmoja achukue mbili, moja ya kupeleka na moja ya kubaki nayo, na hiyo ya kubaki nayo mdai igongwe muhuri. Karani akikataa kugonga, andikeni jina lake na saa aliyokataa, mniletee.

Sasa niko tayari kwa maswali, na ninaomba tuanze na akina mama wa soko, maana naona wengine wanatazama saa.